Ekzosi Iliyolia Kama Bunduki

Mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi na gari lake, na kati yetu aliyeogeshwa kwa sabuni ya dukani ni gari. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, sabuni ikitafutwa Shinyanga nzima kama ng'ombe aliyepotea. Mimi nilifulia majani ya mpapai, na nguo za watoto zikawa na rangi ya majani. Gari lilikuwa jeupe pe.

Alilipata kwa dhahabu. Alikuwa mchimbaji huko Geita, mtu wa kuja, hakuzaliwa Usukumani na Kisukuma chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Alichimba mpaka siku moja shimo lao likatema dhahabu, na badala ya kujenga nyumba ya bati akamwendea mgeni mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao, akanunua gari lake. Lilikuwa gari dogo la milango minne, limekaa chini chini kama bata. Siku ya kwanza alinifunulia boneti kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Akanionyesha chuma cha duara kilichojikunja kama konokono. Hiyo ndiyo turbo, akasema. Moshi unaotoka kwenye injini hauendi zake bure, unapita humo na kuzungusha feni, na feni inasukuma hewa nyingi kurudi kwenye injini, basi injini inapata nguvu kama mtu aliyekula nyama. Nikamwambia hata mimi ningependa kula nyama.

Hakunisikia. Tayari alikuwa amelala chini ya gari.

Tatizo lake, alisema, lilikuwa ekzosi. Bomba la moshi ambalo gari lilitoka nalo kiwandani lilikuwa jembamba, halafu katikati lina sailensa, lile debe linalomeza kelele. Turbo inataka kupumua, na hapa imezibwa pua. Kwa mwezi mzima nilisikia habari za pua hiyo asubuhi na jioni. Mwishowe akapata bomba nene kwenye vyuma chakavu vya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akalibeba begani mpaka kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na karakana nyuma ya maduka ya Wahindi. Fundi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye meno mazuri sana. Nayataja meno kwa sababu.

Walilinyanyua gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya mawe. Wakalikata tumbo. Msumeno wa chuma ulilia tangu asubuhi mpaka mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitambaa akatoka na kuuliza kama wanachinja mtu. Bomba la zamani lilipodondoka, mume wangu akaichukua ile sailensa na kuipasua kwa nyundo, aone ndani kuna nini kinachomdhulumu. Aliipiga kwa hasira ya kweli, akitukana, mpaka ikafunguka na kutoa matumbo yake: vibomba vyenye matundu na manyoya ya chuma yaliyojaa masizi. Akayakanyaga. Nilikuwa nimeleta chakula, nimesimama na bakuli mkononi, na nikawaza kwamba mtu anayepiga debe hivi, siku moja atapiga kitu chenye damu.

Kazi ngumu ilikuwa kukunja bomba nene lipite juu ya ekseli ya nyuma. Bomba tupu ukilikunja linabonyea. Kwa hiyo mafundi hulijaza mchanga, wakaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, wakaliweka kwenye moto wa mkaa mpaka liwe jekundu, ndipo linakunjika bila kubonyea. Lakini mchanga lazima ukaangwe kwanza, ukauke kabisa. Fundi alisema hivyo, mimi nikiwapo. Mume wangu akasema mchanga huu umekauka, umelala juani tangu jana. Fundi akasema ndani una maji. Mume wangu akasema tutakaa hapa mpaka mvua za vuli kwa sababu ya mchanga?

Bomba lilipowekwa motoni, maji yaliyomo mchangani yakawa mvuke, na mvuke haukuwa na njia. Kigingi kimoja kikafyatuka. Kilimpata fundi mdomoni. Nilisikia mlio, nikaona meno yametapakaa kwenye mkaa, na fundi amekaa chini anatazama mikono yake iliyojaa damu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akainuka, akachukua mpini wa nyundo, akampiga mume wangu bega, mgongo na kichwa, bila kusema neno, maana mdomo haukuwepo wa kusemea. Mume wangu naye akampiga. Walipigana ndani ya cheche mpaka nikawamwagia maji ya kunawa. Jambo lililonishinda kuelewa mpaka leo ni kwamba baada ya hapo waliketi, wakala ugali wangu, fundi akitafuna kwa upande mmoja, na alasiri wakaukaanga mchanga na kulikunja bomba vizuri kabisa. Wanaume na vyuma vyao.

Lilipofungwa, fundi alipitisha kiganja kwenye maungio karibu na turbo, pale vibao viwili vya chuma vinapobanana. Akasema kwa mdomo wake uliovimba kwamba hapo hapajakaa sawa, panavuta hewa, na gari likivuta hewa hapo litakuwa linapiga. "Lipige!" mume wangu akasema, akawasha.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Mabati ya karakana yalitetemeka. Mbwa walikimbia na mikia imefichwa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa tupu kweli, matumbo yake tumeyakanyaga. Ukikanyaga mafuta lilinguruma, ukiachia lilitapika milio, pa, pa, pa. Lakini milio hiyo midogo haikumtosha mume wangu. Aligundua mchezo. Gari likiwa linakwenda, anazima kwa ufunguo huku mguu umekandamiza mafuta. Injini inaendelea kuzunguka na kumeza petroli isiyochomwa, petroli inajaa kwenye bomba lenye moto. Halafu anawasha tena. Hapo ekzosi inalipuka mlipuko mmoja mkubwa, na ulimi wa moto unatoka nyuma.

Alicheza mchezo huo mtaani kwetu upande wa Ibadakuli, na bibi mmoja jirani aliyekuwa anatoka kisimani akaanguka na mtungi wake, vigae vikamchana mkono mpaka mfupa. Nilimfunga jeraha kwa upande wa khanga yangu. Kisha nikaingia ndani nikampiga mume wangu kofi. Akanirudishia. Nikachukua mwiko. Majirani walikuja kutuamulia, na mimi nilikuwa na jino linalocheza, yeye ana jicho limefumba, na watoto wamejibanza chini ya kitanda wanalia. Sikujuta hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba kesho yake aliuendeleza mchezo wake, ila nje ya mji, akiwatisha mbuzi.

Sasa lazima niseme kuhusu mwano.

Mimi nimezaliwa Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe na vumbi. Kwetu mtu akiibiwa ng'ombe, au akivamiwa, anapiga ukelele mrefu unaopanda na kushuka. Huo ndio mwano. Anayeusikia anaacha alichoshika, anachukua silaha, anakimbilia unakotokea, na huku anakimbia naye anaupiga, ili kijiji cha mbele kiusikie. Baba yangu aliuacha ugali mdomoni. Nimemwona akitoka nje na tonge shavuni na upinde mkononi. Mtoto hufundishwa mapema: mwano ukilia, unaufuata. Hata kama huna silaha, unaufuata. Hata kama unaumwa, unasimama mlangoni waone umesimama. Kwa sababu anayeukimbia mwano ni mmoja tu duniani, naye ni mwizi. Jirani yetu mmoja aliwahi kulala ndani mwano ukilia, kwa uvivu tu. Walikuja kwake asubuhi wakamchapa mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemwonea huruma, hata mkewe.

Miaka ile mwano ulikuwa umepata nguvu mpya. Majambazi walikuwa wanatembea na bunduki, na vijiji vilikuwa vimejipanga katika jeshi la jadi, kila kijiji na mtemi wake, filimbi zao, pinde zao na mishale iliyopakwa sumu. Mume wangu alijua hayo kama mtu anavyojua kwamba kuna bahari. Kwake mwano ulikuwa kelele za Wasukuma.

Tulikwenda Runzewe, mimi na vitenge na sufuria zangu za kuwauzia wachimbaji, yeye na gari lake la kujionyesha. Tulirudi kesho yake ya mnada, mchana, jua limesimama. Hatukujua kwamba jana yake, kwenye njia hiyohiyo, watu waliokuja kwa gari walikuwa wamewavamia wafugaji waliokuwa wanarudi kutoka mnadani na fedha za ng'ombe. Walimpiga kijana mmoja risasi ya kifua. Alizikwa asubuhi ya siku ile tuliyopita sisi.

Tulikuwa tunateremka mteremko wa udongo mwekundu. Chini kulikuwa na mbuzi wanakatiza, na wachungaji wao wako kwenye kivuli. Nilimwona mume wangu akitabasamu. Nikasema, "Usithubutu." Akazima ufunguo, akakandamiza, akawasha.

Ekzosi ililipuka mpaka masikio yangu yakaziba. Mbuzi walitawanyika. Mume wangu alicheka mpaka akapiga usukani kwa kiganja. Na nyuma yetu, kutoka kwa wachungaji wale, nikasikia ukelele mrefu ukipanda na kushuka.

"Simama," nikasema.

"Nisimame nini?"

"Huo ni mwano. Simama, tushuke, tuwafuate. Wameona ni bunduki."

"Mama watoto, wacha ushamba. Hao wako nyuma. Nani atalikamata gari hili kwa miguu?"

Akaongeza mwendo. Turbo ikapiga mluzi wake, vumbi likafunga nyuma yetu. Nilimshika mkono, akaunyofoa. Nikamwambia kwamba tunaukimbia mwano, kwamba yeye hajui anachokifanya, kwamba miguu haina kazi hapa, ukelele ndio unaokimbia. Na kweli, tulipopita miembe ya kijiji kilichofuata, watu walikuwa wameshasimama kando ya njia na mapanga, na mmoja alirusha rungu likapasua kioo cha nyuma. Sasa mume wangu hakucheka tena. Alikandamiza mafuta kwa woga, na kila alipoachia kwenye kona, ekzosi ilipiga pa, pa, pa, ikawaambia wa mbele tunakuja. Filimbi zilikuwa pande zote za mbuga. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi si mkuu wa mtu, lakini ngoja niseme kilichofuata.

Kwenye kona waliyoijua wao walikuwa wameangusha mti. Tuligonga. Kichwa changu kilipiga dashibodi, na nilipoinua macho mlango wa mume wangu ulikuwa umeng'olewa na yeye hayupo kitini. Alikuwa chini, katikati ya miguu ya watu.

Nimeona kuku akidonolewa na wenzake. Ndivyo walivyompiga. Hawakupiga kelele, walikuwa wanahema tu, rungu linapanda, rungu linashuka, na kila mmoja anangoja nafasi. "Bunduki iko wapi?" waliuliza kwa Kisukuma. Yeye akajibu kwa Kiswahili, "Ni ekzosi! Ni ekzosi!" Neno hilo hapakuwa na aliyelijua. Labda walidhani ni jina la mwenzake. Kila alipolisema walimpiga zaidi, na yeye kila alipopigwa alilisema kwa nguvu zaidi. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Ni mlio mdogo, kama kijiti cha kuni kavu. Kisha jiwe lilimpata sikioni na akanyamaza.

Mimi nilikuwa nimeshikwa na wanawake. Usidhani wanawake wana huruma. Walinivuta nywele, wakanirarua blauzi, mmoja aliniuma begani. Nilimpiga huyo kiwiko cha pua na nikamsikia akilia, nikafurahi. Wengine walipekua gari wakitafuta bunduki. Vitenge vyangu vilitupwa njiani. Walitoa kiti cha nyuma, wakatoa jeki, wakatoa spana, wakaitazama spana na kuitupa.

Kando alisimama mzee mmoja mwenye shuka nyeusi, na udongo mwekundu bado uko kwenye magoti yake, udongo wa kaburi. Huyo ndiye aliyekuwa mtemi wao. Watu walikuwa wanamtazama kila baada ya kipigo. Hakupiga, lakini alikuwa na mshale upindeni, na nilijua kwamba anangoja wachoke, amalize yeye. Baadaye nilielezwa kwamba kijana aliyezikwa asubuhi alikuwa mwanawe wa mwisho.

Nikapiga kelele kwa Kisukuma chetu cha Kishapu, nikimwita yule mzee, kwa sauti niliyokuwa nayo yote: "Namhala! Bunduki ipo! Nitakuonyesha mimi!"

Wote wakageuka. Mume wangu pia aligeuza uso, au kilichobaki cha uso, na nafikiri alidhani nimemuuza.

"Ipo wapi, mayu?" mzee akauliza, akiniita mama.

"Ndani ya gari. Lakini hamuwezi kuiona, mnaweza kuisikia. Niacheni niingie."

Walinong'onezana. Mzee akainua kidevu, na wanawake wakaniachia. Pinde zilinifuata. Nilikaa kwenye kiti cha dereva juu ya vipande vya kioo. Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu, lakini nilikuwa nimekaa kando ya mwendawazimu yule miezi na miezi, nikiutazama mkono wake kwenye ufunguo na mguu wake kwenye mafuta ili nijue wakati wa kuziba masikio. Nilijua mchezo wote. Nilichokuwa sijui ni kama injini itawaka baada ya kugonga mti, na kama wanaume wenye mishale ya sumu, siku ya kuzika, wakisikia mlio ule karibu yao, watangoja maelezo.

Liliwaka. Gari lile nililichukia kuliko kitu chochote duniani, na liliwaka. Mngurumo ulipotoka, watu walirudi nyuma hatua kadhaa. Nikakandamiza, nikazima, nikawasha. Hakuna kitu. Injini ilizimika, kimya. Nilikuwa nimechelewa. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema mwanamke huyu anatupotezea wakati, na nikasikia rungu likimwangukia tena mume wangu, kwa ulegevu sasa, kama mtu anayetwanga nafaka iliyokwisha kulainika.

Nilimtukana Mungu. Nisamehewe. Nikawasha tena, nikakandamiza mpaka mguu ukagusa chini na gari zima likatetemeka, nikazima, na kabla injini haijasimama nikawasha.

Ililipuka.

Ulimi wa moto ulitoka nyuma ukachoma majani makavu. Watu wote walianguka chini, wakubwa kwa wadogo. Mshale mmoja uliachiwa, ukapita pale palipong'olewa mlango, mbele ya kifua changu na kusimama kwenye kiti cha pili, ukitikisika. Sikuutazama. Nikafanya tena, ikalipuka tena. Nikafanya mara nyingine, nikilia, nikipiga kelele kwamba hiyo ndiyo bunduki, hiyo ndiyo, muoneni mjinga na bunduki yake, mpaka petroli ikafurika na injini ikakataa.

Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alizunguka nyuma ya gari, akapiga magoti, akaliangalia bomba la jineri lililokuwa linafuka. Kisha akalishika kwa kiganja. Chuma kile kilikuwa na moto wa kukaanga mchanga. Nilisikia ngozi yake ikiungua, na hakuondoa mkono upesi. Alipouondoa, aliutazama, akaja ubavuni kwangu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Si ninyi," akasema. "Nilitaka muwe ninyi."

Mpaka leo namwonea huruma mzee yule, na siku ile ningempata peke yake ningemuua kwa mikono yangu. Mambo yote mawili ni kweli.

Nilishuka nikaenda kwa mume wangu. Nikawaambia watu wale, kwa hasira yangu yote, kwamba wamemvunja mtu asiye na hatia, na kwamba nitawashtaki mbinguni na serikalini. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wewe ni mtoto wa wapi?" Nikamwambia Kishapu. "Basi unajua. Mwano ulilia. Mliukimbia." Hakuomba radhi. Aliagiza vijana wakate fito wamfunge mguu, wakaleta maziwa, wakamnywesha kwa mikono ileile. Wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka njia kubwa, tukapata lori la pamba lililotupeleka Kahama hospitali. Kilichonichoma zaidi, ndani ya lori lile, juu ya marobota, ni kwamba nilikuwa najua. Kama ningekuwa bado Kishapu, kijijini, na gari likapita linalipua namna ile na kuukimbia mwano, ningekuwa mmoja wa wale wanawake. Ningeuma bega la mtu.

Alipona, kama kule ni kupona. Mguu uliunga ukiwa umepinda, sikio la kushoto likafa. Fundi asiye na meno alikwenda kulileta gari, akalifungia sailensa bila kuambiwa na mtu, na likawa linapita kimya kama gari la padri. Mume wangu hakuliendesha tena. Alikaa barazani na gongo lake la kutembelea, mti mgumu wenye kichwa kama ngumi, akitazama njia. Hakunishukuru na sikungoja shukrani. Nilikuwa na mume aliye hai. Nilimwogesha, nikamgeuza kitandani, nikamsagia dawa, na nilijiambia kila siku kwamba uhai wake nimeutoa mimi mdomoni mwa mamba, kwa hiyo ni wangu pia kidogo.

Jioni moja ya kiangazi, nikipepeta mchele uani, mwano ukalia upande wa njia ya uwanja wa ndege. Jeshi la jadi lilikuwa limefika hata huku kwetu pembeni ya mji. Wanaume walitoka majumbani. Nikasikia kishindo barazani, nikatazama: mume wangu amesimama. Uso wake ulikuwa na jasho. Akashika gongo, akaufuata mwano, akichechemea kwa kasi ambayo sikujua kuwa anayo, mguu uliopinda ukichora mstari mavumbini nyuma yake. Nikamwita. Labda hakusikia, sikio lililokufa ndilo lilikuwa upande wangu.

Nilimfuata na ungo bado mkononi. Walikuwa wameshamkamata mtu karibu na mifereji, mtu mwembamba mwenye kaptula, ameanguka chini, anainua mkono na kusema jambo. Alikuwa anasema jambo lilelile tena na tena, neno moja ambalo sikulitambua, kwa lugha ya kwao wapi sijui. Watu walikuwa wanahema. Mume wangu alipenya kati yao, akajiegemeza kwenye mguu wake mzima, akainua gongo kwa mikono miwili, akapiga.

"Anasema kitu!" nikapiga kelele. "Msikilizeni, anasema kitu!"

Akapiga tena. Alipiga kama alivyoipiga sailensa ile. Mtu yule alilisema neno lake kwa nguvu zaidi, halafu kwa nguvu kidogo, halafu akaacha. Nilijaribu kupenya na wakanisukuma, na sikuwa na gari lolote la kulipua.

Mume wangu alirudi nyumbani akaomba maji ya kunawa. Nikamwekea. Nikamuuliza yule mtu alikuwa ameiba nini. Akasema hajui, aliukimbia mwano. Nikamuuliza alikuwa anasema nini.

"Nani alikuwa anamsikiliza?" akasema, akajifuta mikono, akauliza kama chakula ki tayari.

Nililichukua gongo lililoegemezwa mlangoni. Kichwani lilikuwa na nywele. Nikalipasua kwa shoka, nikalitia jikoni, nikasongea ugali. Akala wote. Alipotaka kwenda kulala aliomba gongo lake, nikamwambia ashike ukuta.